Vifuko vilivyopita kwenye chujio langu

Waridi, usicheke kabla sijamaliza.

Lile chujio nililotengeneza, lisilopitisha bakteria, leo nimewaonyesha wafugaji wa Mweiga ili wakubali kulitumia. Nimechuja maji wanayonywa ndama wanaohara, nikanywa glasi nzima mbele yao. Wakapiga makofi!

Ndipo Indira wa maabara akauliza polepole, "Na vifuko je?"

Vifuko gani?

"Bakteria hutoa vifuko vidogo sana kutoka kwa utando wao, vingine vina sumu. Hivyo vinapita. Bakteria umewaacha juu, mizigo yao umekunywa."

Ati umekunywa! Mbele ya watu wote.

Nakuandikia nikiwa chooni. Mwenyekiti wa wafugaji amebisha mara mbili: "Mwalimu, tukuletee maji? Ya kuchujwa ama ya kawaida?"