Kukohoa Mlangoni

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefungua kibanda mapema. Viatu vya mitumba nimevipanga, wateja hakuna. Nimechungulia simu: binti yangu Nekesa yuko nyumbani. Fundi wa simu aliweka programu ya kumfuatilia kwenye simu ya mtoto wiki jana, kimyakimya, nami namwona popote alipo. Malaba hii ya mpakani, na madereva wake wa malori, na binti wa miaka kumi na sita. Nilikuwa sina amani. Sasa ninayo kidogo.

Jumatano, 6 Agosti
Nachungulia mno. Sokoni. Kanisani. Nyumbani.
Nimekumbuka kwetu Funyula. Sisi wasichana tulilala katika nyumba ya nyanya. Mkeka mmoja, vicheko, sakafu iliyosiribwa samadi. Mama hakuingia mle hata siku moja. Akinitaka, alikohoa mlangoni na kungoja. Siri zangu zote zilibaki mle ndani. Natamani hata ile harufu ya sakafu.

Ijumaa, 8 Agosti
Aibu. Alasiri simu ilisema Nekesa yuko Uganda. Nikavuka mpaka mbio, kibanda nimekiacha wazi, nikiwaonyesha watu wa bodaboda picha yake. Kumbe alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nyuma ya kanisa, upande wetu. Mtandao wa ng'ambo ulikuwa umeidaka simu yake. Na ninajua! Mimi mwenyewe simu hunikaribisha Uganda nikiwa jikoni napika ugali. Hofu haina akili.
Habari zilimfikia kabla yangu. Watu wa boda wanamtania, "Siste, ulikuwa unatoroka na nani?" Alilia njia nzima. Nyumbani nilikiri habari ya programu, naye aliniambia neno moja tu.
"Si ungeniuliza, mum?"

Jumamosi, 9 Agosti
Ameenda kwa mama yangu, Funyula. Kaniaga kwa heshima zote, na hilo ndilo linaloniuma. Programu inasema yuko nyumbani. Simu ameiacha mezani.

Jumatatu, 11 Agosti
Fundi ameitoa programu. Nimeenda Funyula, simu ya Nekesa mkobani. Mama ndiye nyanya sasa. Nimemkuta nje akichambua mboga, akanionyesha mlango kwa kidevu. Ndani, Nekesa na binamu zake wanacheka. Sakafu ni ya saruji siku hizi. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu.
Nikakohoa. Vicheko vikakatika.
"Ngoja kidogo, mum."
Nikaketi kando ya mama, nikachukua fungu la mboga.