Uji Niliomjazia Thuwaiba

Shoga, Kazija, nakuandikia mbio mbio.

Asubuhi Thuwaiba, huyu jirani yangu, kanletea mchuzi wa pweza. Nikaona haya kumrudishia bakuli tupu, na ndani sina kitu ila ule unga wa lishe wa serikali tunaopewa kliniki. Nikapika uji, nikamjazia.

Sasa hivi kanpigia, yumo garini anakimbilia hospitali. "Umetia nini humu? Mwanangu kavimba midomo, pumzi zimembana."

Nikamwambia uji tu. Uji tu, Kazija. Na unga ule una njugu, na mtaa mzima tunajua mwanawe njugu zinamdhuru. Niliogopa.

Nampigia, hapokei.

Ngoja, wewe si uko zamu hapo hospitali leo? Acha kusoma. Kimbia ukawaambie ni njugu.