Rubani Arudishwe Kwao

Sori, Jumanne, Agosti 1996

Sura ya saba ya riwaya yangu imenikataa tena. Rubani amekufa mbali huko kwenye nyota, na kila nikijaribu kuandika jinsi wenzake wanavyoendelea na safari, kalamu inasimama. Zamani ningemsimulia mume wangu Owuor kwanza, naye angeniuliza maswali mpaka njia ipatikane. Tangu tumzike sina wa kumsimulia.

Asubuhi nilikuwa na mama yake tukigeuza omena, dagaa wa ziwani, juani. Sijui kwa nini, nikaanza kumsimulia yeye.

"Nyar Ntimaru," akasema, maana huniita binti wa Ntimaru, kwetu nilikozaliwa, "huyo kijana walimzika wapi?"

"Hawakumzika, mama. Walimwacha aelee angani."

Mikono yake ikasimama. "Wakamtupa? Kwani hana mama?"

"Kwao ni mbali. Safari ya miaka."

"Wewe ulimleta mume wako kwa lori kutoka Nairobi. Ulisema ni mbali?"

Usiku ule ndani ya lori nilishikilia jeneza kila tulipopita shimo, asigongwe.

Akarudia omena zake. "Na wabebe petroli ya kurudi. Nyinyi wa vitabu mnasahau petroli."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu sijui lini.

Jioni hii nimekigeuza chombo chao cha angani, kimfuate rubani na kumrudisha kwao. Kurasa nne bila kusimama. Kesho nitamsimulia mama kabla sijaandika, labda hiyo ndiyo njia yangu sasa.

Nyumba bado iko kimya. Lakini kule juu mmoja wa wenzake ameketi kando ya rubani, amelishikilia jeneza, ingawa angani hakuna mashimo.