Theophil na Nailoni ya Laptop

Mama Irine, weka chini hilo sufuria usome. Nimetoka sasa hivi kwa kaka Theophil hapa Maisaka, mbavu zinaniuma!

Si unaijua ile laptop yake ya bei mbaya? Ilianguka na bodaboda kule Bonga, bado ikawaka. Mtoto wao Anthony akaimwagia uji, bado ikawaka. Lakini nailoni ya dukani hajaitoa mpaka leo, hata matundu ya hewa yamezibwa. Eti isichubuke!

Leo alikuwa na usaili kwa video, ile kazi ya Arusha aliyoililia mwaka mzima. Laptop ikapata joto, feni yake ikaanza kunguruma.

Mwenyekiti wa usaili akauliza: "Ndugu, uko kwenye mashine ya kusaga?"

Theophil jasho linamtiririka: "Hapana mheshimiwa, niko nyumbani."

MASHINE YA KUSAGA, Mama Irine!

Wifi Rosa uvumilivu ukamwisha. Akatokea mbele ya kamera na kisu cha jikoni: "Baba Anthony, unataka kazi au unataka nailoni?" Akaichana yote. Laptop kimya, kama kanisani.

Mwenyekiti akacheka, akamwambia Theophil inatosha, usaili umekwisha. Halafu akauliza: "Huyo mama, yeye ana kazi?"