Nichagulie Maneno ya Loice

Birongo, Kisii
10 Agosti 2025

Mpendwa wifi Wakesho,

Pokea salamu za kila mtu hapa. Mama yetu anakusalimu, goti bado linamsumbua lakini Sabato alifika kanisani kwa miguu yake. Baba Loice anakusalimu, yuko shambani kwenye chai. Ronny anakusalimu, sasa amenipita kwa urefu. Damaris anakusalimu, meno ya mbele yametoka. Loice anakusalimu kwa mkono tu. Na nyinyi huko Voi mko wazima? Kaka yangu Abner, kifua kimepoa?

Wifi, najua kaka alikwambia Loice alipasuliwa. Hakukwambia yote kwa sababu sikumwambia yote. Kwa simu nalia kabla sijafika mahali. Ndiyo nikaona niandike, nimpe Momanyi wa jirani anayerudi kazini huko kesho. Univumilie mwandiko, mimi niliachia darasa la sita.

Mwezi wa pili shule ya watoto ilipata mwalimu mpya wa Kiingereza, binti mdogo, Mwalimu Purity. Alituita wazazi wa gredi ya nne, darasa la Loice, akatuonyesha maneno aliyochagua kufundisha. Alisema amewafuata watoto wiki mbili, kwenye bomba la maji, uwanjani, njiani, akiandika yale wanayotaka kusema kwa Kiingereza wakashindwa. Basi maneno yake yalikuwa hayo: kuumwa, kizunguzungu, kiu, nimepotea, amenisukuma, sijaelewa.

Tulimcheka. Na aliyeanza ni mimi. Nilisimama nikajifunga leso vizuri nikasema, "Mwalimu, hayo ni ya nasari. Sisi tunataka mazito, yale watoto wa akademi wakisema mgeni anashika mdomo." Wakapiga makofi. Nyabuto mwenye duka akaongeza kwamba mtoto hafundishwi kiu, anaenda kunywa. Tukacheka tena. Mwalimu Purity akakunja karatasi yake, akaitia kwenye mkoba, akasema, "Sawa, mama."

Mazito yakaja, kumi kila siku. Loice aliyakariri akinisaidia kuchuma chai. Kuna la mlima wa barafu unaoelea baharini. Kuna la mtu anayesoma nyota. Wageni wakija namwita ayaseme, nami nashiba kama nimekula.

Tarehe kumi na nne Julai, jioni, aliniambia tumbo linamkata kidogo. Nikamchemshia tangawizi, asubuhi akaenda shule. Huko ni Kiingereza tu. Ukiteleza ukasema Ekegusii unavishwa kibao shingoni mpaka jioni. Tumbo likazidi, akamwendea Mwalimu Manasseh aliyekuwa zamu, mtu wa hapa hapa, Ekegusii anakijua kunishinda. Kwa Kiingereza Loice alikuwa na neno moja la kumfaa, tumbo. Alilisema mara tatu. Mwalimu akamuuliza kitu kirefu kwa Kiingereza, naye kwa kuogopa akaitikia ndiyo. Kumbe ameulizwa kama ni njaa. Akaambiwa avumilie, chakula kiko karibu.

Alikaa na hilo tumbo mpaka saa tisa, akaanguka akitoka kwenye dawati.

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Amefanyiwa upasuaji mara mbili kule Kisii mjini. Daktari hakunificha, alisema ilibaki kidogo tu tumpoteze. Nilipokuwa nangoja mlangoni nilikuwa nimeshaona mahali kwenye migomba tungemlaza. Nimekwambia wewe tu hilo.

Kidonda bado kinatoa maji, lakini kinachonitisha si kidonda. Loice hasemi. Mimi huninong'oneza mawili matatu kwa Ekegusii, wengine hapana. Mwalimu Manasseh alikuja kumwona na mkate na machozi. Mtoto akasimama kumpa heshima, akajikojolea pale pale. Simchukii yule mwalimu. Amri ya kibao ni sisi wazazi tuliinyooshea mikono ipite.

Baba Loice anasema akae nyumbani mwaka huu uishe. Mimi naogopa akikaa hatarudi tena. Shule zinafunguliwa tarehe ishirini na tano, na kesho yake kuna mkutano wa wazazi. Nitasimama pale niliposimama, niombe maneno yale tuliyoyacheka. Lakini nikisimama mikono mitupu watasema ni uchungu unaongea. Mwalimu Purity mkataba wake uliisha mwezi wa sita akaondoka na karatasi yake, na namba yake haiingii.

Wewe umefundisha Kiingereza miaka hii yote. Nichagulie maneno, wifi. Ya kusema panauma, ni wapi, na tangu lini. Ya kusema hapana, si hivyo. Ya kumwambia mtu mkubwa kwamba hajanielewa, aniulize tena. Hilo la mwisho sijui kama watoto wanaruhusiwa, lakini liandike. Andika kwa herufi kubwa, nijifunze mimi kwanza, halafu nikae na Loice jikoni tuseme pamoja, hata kama nitasema peke yangu.

Nisalimie kaka Abner, umwambie asinikasirikie kwa kumficha. Wasalimie watoto, na mama yako, na Persis wa jirani yenu aliyenipokea vizuri. Mungu awe mlango wa nyumba yenu, baya lolote lisipite.

Momanyi anarudi huku tarehe ishirini. Mpe yeye jibu mkononi. Usingoje yatimie mengi, wifi. Hata yakiwa matano, yatume.

Akupendaye na kukutegemea,
Wifi yako Kemunto, Mama Loice