Bandeji Iliyoanzia Gotini

Kizwite, Sumbawanga
14 Juni

Kwa mwanangu Adriano,

Marahaba, maana najua ukikunjua karatasi hii utaniamkia kabla ya kusoma. Habari za Tunduma na kazi ya uashi? Mgongo umeacha kukusumbua? Huku baridi imeingia, na mahindi karibu yote yako ghalani. Mimi sijambo, ukiacha mguu, na mguu ndio ulionishikisha kalamu. Sikupiga simu kwa sababu simu ikiita katika nyumba hii, baba yako mdogo Wilibrodi huacha kutafuna ili asikie. Bahasha nimeibandika kwa uji mzito. Ukiikuta imeachia, ujue aliyeileta ameisoma.

Unakikumbuka kidonda kilichonitoka juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani, pale ngozi ilipokuwa nyeusi na kuniwasha. Waliokuja kunipa pole walisema nimekanyaga kitu. Sikuwaamini, nikawaza huenda wao ndio waliokitega. Mkeo Herieth ndiye aliyenipeleka kliniki. Nesi Edith alinisimamisha, akanibonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki. Kisha akanipima presha mkononi na kifundoni, akisikiliza kwa kidude kinachovuma. Nikamuuliza kama presha yangu imehamia miguuni. Alisema anahakikisha kwanza kwamba damu inashuka vizuri hadi unyayoni, maana isiposhuka, bandeji ya kubana inaweza kuniharibu mguu.

Kushuka kwangu hakukuwa na shida. Shida ni kupanda. Alisema mishipa inayorudisha damu moyoni ina vilango ndani yake, na vyangu vimelegea kwa uzazi wa watoto saba na miaka yote ile ya kusimama nikipikia wanafunzi. Basi damu inarudi chini na kutuama. Dawa ni bandeji, kutembea, na kulala mchana miguu ikiwa juu kuliko moyo. Herieth akafundishwa kunifunga kila asubuhi: aanzie vidoleni, akaze zaidi kifundoni, alegeze akipanda mpaka chini ya goti.

Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza. Wewe ulioa kwa mzee Mayunga, wafugaji wa Muze, na siku tulipopeleka posa niliona wanavyomfunga ng'ombe miguu wakati wa kumkamua. Nikajisemea, huyu ananifunga ili nitulie. Nikilazwa na mito chini ya miguu, anayepima unga ni yeye, mwenye ufunguo wa ghala ni yeye. Tena hasemi. Mtu asiyesema mimi huwa namhesabia hata pumzi. Niliogopa, mwanangu. Niliona siku si nyingi nitakuwa mgeni kwenye jiko langu.

Kidonda kikapanuka kutoka kifuniko cha soda hadi mdomo wa kikombe, na mguu ukavimba. Nikamwita Wilibrodi aione kazi ya mkwe wetu. Akakupigia, nawe ukamwambia Herieth arudi kwao mpaka utakapokuja kuamua. Aliondoka bila kujitetea, na hilo nalo nikalitilia shaka.

Juzi Wilibrodi alinipeleka kliniki. Nesi alipoiona bandeji aliuliza ni nani anayeanzia gotini kwa nguvu na kukilegeza kifundo, maana hiyo ni kuifungia damu huko chini. Wilibrodi akajibu upesi kwamba ndivyo mkwe alivyotuachia. Nesi alishangaa. Alisema Herieth alilishika somo vizuri, tena mwezi uliopita alirudi peke yake kuuliza habari za bibi mmoja wa kwao Muze, ambaye akishafungwa huifungua bandeji, kisha huirudisha kuanzia gotini kwa kuwa hafiki vidoleni. Alitaka kujua kama ipo njia ya kumsaidia bibi huyo bila kumwaibisha. Nesi akaniuliza huyo bibi anaendeleaje. Wilibrodi alikuwa akisoma matangazo ukutani, hakuelewa kitu. Mimi nilijibu kwamba sijui.

Adriano, hakuna bibi wa Muze. Ni mimi. Herieth alipokuwa akienda shamba, nilikuwa naifungua bandeji, nakaa uani kwenye kigoda miguu ikining'inia, kisha nakwenda kuchungulia ghala. Nikisikia geti, najifunga haraka kuanzia gotini, nakaza sana isije ikadondoka. Tumbo haliniruhusu kufika vidoleni, na tangu aondoke najifunga hivyo hivyo. Kidonda nimekipanua kwa mikono yangu, na lawama nikambebesha mkeo. Alijua. Angesema neno moja tu, angebaki kwake.

Nenda Muze ukamchukue. Usimtume Wilibrodi. Isome barua hii kwa sauti mbele yake na mbele ya mzee Mayunga, yote, pamoja na yale ya ng'ombe. Nimejaribu kumtilia shaka hata kwa kunyamaza kwake, kwamba alinyamaza ili siku moja nife kwa aibu. Nimeshindwa.

Wasalimie mafundi wenzako wote, na huko Muze nisalimie kila utakayemkuta. Na ile bahasha, usihangaike kuikagua. Kama kuna mtu ameisoma njiani, hata huyo ajue.

Ni mimi mama yako,
Coleta