Vijiwe Mgongoni mwa Mkono

Neema, mjukuu wangu,

Amani ya Bwana ikukute huko Cheektowaga. Hapa Louisville babu yako yuko salama, ni magoti tu yanamsumbua. Shangazi yako amepata nyumba ya kupanga kule Linden, Columbus, na kazi ya ghala. Tunashukuru.

Bon, haya, picha uliyotuma nimeiona: chungu cha Wagiriki wa zamani, wasichana wawili wamepiga magoti, mmoja anarusha vifupa na kuvidaka kwa mgongo wa mkono. Ukaniuliza mimi bibi yako, "Tate, ninyi mlicheza, ao mlikimbia vita tu?"

Tulicheza. Mwaka tulioshuka kutoka milimani kwetu tukikimbia vita, mama yangu aliacha kusema. Alitupikia, alitufunika, lakini hakutoa neno. Asubuhi moja tulipumzika kando ya mto, ukungu bado umelala juu ya majani. Mimi na dada yangu tukaokota vijiwe, tukaanza kurusha na kudaka. Mama alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga magoti kati yetu, akarusha vijiwe vyote juu, vikatua mgongoni mwa mkono wake polepole, kana kwamba havina uzito.

"Nani alikufundisha?" dada akauliza.

"Hata mimi nilikuwa mtoto," mama akasema, akacheka.

Sikuwa nimewahi kuwaza jambo hilo. Tulicheza naye mpaka ukungu ukaisha, na tulipoinuka kuendelea na safari, alituita kwa majina yetu.

Ninakukumbatia,
Tate wako, mama ya baba yako